Kikapu Kimoja kwa Wagomvi Wawili

Juzi niliitwa shuleni, rafiki yangu, nikakalishwa kwenye kiti cha mtoto wa nasari, magoti yakanifika kidevuni. Ukitaka mtu mzima ashike adabu, mkalishe pale. Mwalimu wa mwanangu hakuwa na hasira. Heri angekuwa nayo. "Baba, huyu mtoto hasumbui mtu," alisema. "Hiyo ndiyo inanisumbua."

Ukutani amebandika nyuso alizochora kwenye vipande vya katoni: wa kucheka, wa kulia, wa hasira, wa woga. Kila asubuhi watoto hugusa uso unaofanana na walivyoamka. Mwanangu hugusa wa kucheka. Hata siku aliyosukumwa kwenye bembea goti likachubuka, alienda kukaa peke yake nyuma ya darasa, kisha akarudi akagusa uleule. Mwalimu alipomuuliza, alijibu kwamba nyumbani ukilia unaambiwa nyamaza. Mwalimu hakuuliza ni nani husema hivyo. Alikuwa mstaarabu.

Nilirudi nikipita katikati ya mashamba ya chai, mvua imeacha kunyesha, na ile harufu ya majani mabichi ikanipeleka moja kwa moja kwa gogo, yaani nyanya yangu.

Shamba lake lilikuwa dogo, upande wa Bomet. Wakati wa likizo tulimsaidia kuchuma, majani mawili na chipukizi, umande ukitulowesha mpaka kiunoni na vidole vikiwa vyeusi hata ugali ukaonja chai. Mchana alitumiminia mursik kutoka kwenye kibuyu, maziwa machachu yenye rangi ya jivu, na ole wako uache tone kikombeni. Gogo hakupenda viboko. Ulimi wake ulitosha kabisa.

Lakini watoto wakigombana alikuwa na dawa moja tu. Aliwapa wagomvi kikapu kimoja na laini moja, yaani mstari mmoja wa michai. Mmoja alikibeba mgongoni, mwingine akawa anamjazia, halafu wakabadilishana. "Mkifika mwisho ya laini," alisema, "kila mtu aniambie mwenzake ameumia wapi." Hakutaka kusikia habari za maumivu yako mwenyewe. Ukisema hujui, ulirudishwa kwenye laini nyingine ukaulize. Na ukirusha majani chini kwa hasira, aliyaona, sijui kwa macho gani, nanyi mkaanza upya.

Siku moja niligombana na mtoto wa jirani. Wazazi wake walitoka upande wa ziwa, baba akifanya kazi kwenye kiwanda cha chai. Tulikuwa tukisukuma ringi ya baiskeli barabarani, akanipiga ngumi bila sababu, mimi nikamrudishia mbili. Laini ya kwanza tulichuma kila mtu amenuna. Ya pili, nikiwa ndiye ninayebeba, nilihisi majani yameacha kuingia. Nikageuka, nikamkuta analia. "Mama amelazwa hospitali ya Longisa," aliniambia. "Na hakuna mtu ananiambia atarudi lini."

Nilienda kumwambia gogo. Hakutoa hotuba. Alifuta mikono kwenye leso yake, akasema maneno aliyoyarudia maisha yake yote: mtoto mwenye hasira ni mtoto aliyechoka kubeba kitu. Yule mwenzangu alilala kwetu mpaka mama yake aliporudi, na jioni gogo alimketisha karibu na moto kuliko mimi. Niliona wivu, nikamwambia gogo naona wivu, akacheka, akanisogeza pia. Katika nyumba ile ungeweza kusema jambo kama hilo, na dunia isianguke.

Najua unachotaka kuniuliza: mtu aliyelelewa hivyo amekuwaje baba wa namna hii? Mimi hukusanya maziwa kwa wafugaji, kutoka Siongiroi hadi mjini. Naondoka kabla mtoto hajaamka vizuri, narudi nimechoka, na kilio chake nakisikia kama kelele. Hapo ndipo maneno yangu hutoka haraka: nyamaza, wewe ni mwanaume, hiyo ni kitu kidogo. Nilipewa malezi bure, nikayala peke yangu. Naona aibu, na aibu hii sijui niiweke wapi.

Gogo tulimzika kitambo. Chai yake iling'olewa, ndugu yangu akapanda parachichi. Kwenye mashamba makubwa siku hizi ni mashine zinazokata, na mtoto wa jirani alihama na wazazi wake nisijue walikoelekea. Hayo nimeyazoea. Lakini kuchuma chai kulikuwa kisingizio tu cha gogo. Kilichotulea ni mtu aliyekuwa tayari kusimama mwisho wa laini akatungoja, na mtu huyo sasa ilipaswa niwe mimi.

Leo asubuhi nilimkuta mwanangu kwenye ngazi ya mlango, macho mekundu, anahangaika na kamba za viatu. Mitungi ya maziwa ilikuwa imeshapakiwa garini, injini inanguruma. Nikaizima, nikaketi kando yake, nikamuuliza kuna nini. Alinitazama, akatazama gari, akafuta macho kwa mkono wa sweta.

"Niko sawa, baba," akaniambia kwa upole. "Wewe enda tu. Maziwa itaharibika."