Kilomita Tisa za Kuanika Dagaa

"Elfu tisini yangu, kaka, naitaka leo, ndimo ilimo nauli yangu ya mashindano!" Dada mmoja mkimbiaji aliitupa saa ya mkononi ya kupimia mbio kwenye kaunta ya duka, Kigoma mjini.

"Si inapima mbio?" muuzaji akauliza.

"Mbio gani? Asubuhi nimeanika dagaa ufukweni Katonga, mkono tu ndio unatembea, yenyewe inasema nimekimbia kilomita tisa! Ulisema inashika setilaiti."

"Inashika, ila ubebe na simu kubwa, ya intaneti."

"Yangu kitochi, na ulikiona siku unaniuzia."

Muuzaji akacheka. Dada akaanza kufuta magamba kwenye kioo cha saa kwa ncha ya kanga, taratibu.

Mimi, mteja niliyesimama nyuma yake, nina hasira za karibu. Saa ya bei nafuu si kosa. Kudanganya ndiko kosa. Nauli yake ya kwenda mashindanoni imo humo. Bwana muuzaji, mrudishie elfu tisini yake.