Kuku wa Mwenye Nyumba

Tangu reli ya Wadachi ifike Morogoro, kila mwenye nyumba kuukuu anaipaka chokaa na kutafuta mnunuzi. Juzi nilimkuta jirani yangu akimtembeza mama wa Kiluguru aliyeteremka mlimani kununua.

"Miti ya ukuta huu ni migumu kama chuma," alisema, akiupiga kofi, taratibu mno.

Mama hakuutazama ukuta. Alitazama kuku, waliojazana penye msingi wakidonoa.

"Baba, wanakula nini hapo?"

"Chokaa tu, mama."

Mama akachutama, akachimbua kwa kidole, akainuka na mchwa watatu kiganjani.

"Kuku nitanunua," akasema.

Siku hizi nikiitwa kumkagulia mtu nyumba, nauliza kwanza kama kuku wa hapo wamenona.