Kaseti ya Wafula na Betri Zilizoanikwa Juani

Enzi zile stima ilikuwa haijavuka barabara ya Namanga kuja upande wetu wa Kitengela, na wimbo ulikuwa kitu kinachoweza kuchoka. Kila nyumba ilikuwa na utaratibu wake wa betri. Kwetu, betri mpya zilikuwa za taarifa ya habari, na ni baba peke yake aliyezigusa. Zikipungua nguvu, zilihamia kwa kaseti za kwaya za mama, naye alizitoa mara tu aliposikia sauti zinaanza kuvuta. Hapo ndipo zilipotufikia sisi watoto. Tulizianika juu ya mabati tangu asubuhi, tukaziuma pembeni kwa meno, na alasiri tukapata muziki kidogo kabla hazijakata roho. Vijana wa leo wakiona chaji imeshuka hutafuta soketi kama watu wanaotafuta hewa. Sisi tulitafuta jua.

Nyuma ya nyumba yetu hakukuwa na ua wala jirani. Kulikuwa na nyasi kavu, upepo, na wakati wa ukame nyumbu waliopita kwa mstari mrefu bila kutoa sauti. Tulicheza bano, zile gololi za kioo, kwenye vumbi, tukasukuma magari ya waya, na rafiki yetu Lemayian, aliyechunga ng'ombe wa babake, alituletea maziwa yenye harufu ya moshi ndani ya kibuyu. Upepo ukitulia ghafla, ungesikia kiwanda cha saruji upande wa Athi River kikinguruma chini kwa chini, kama mtu anayeongea usingizini.

Kaseti ililetwa na kaka yangu Wafula, likizo ya kidato cha tatu. Haikuwa na jalada wala jina. Mwenzake wa bweni alikuwa amemnakilia, na alichomwambia ni maneno mawili tu: kitu nzito. Tuliiweka alasiri ile ile, na betri zetu za jua.

Ilianza na mvumo, ambao kwa muda tuliudhania kuwa ni kiwanda. Kisha nyundo ikapiga chuma, polepole, kwa nafasi zilizo sawa kabisa. Ngoma iliyofuata haikuwa na mkono wa binadamu: haikuongeza mwendo kwa furaha wala kukosea kwa uchovu. Gita zilikuja kama msumeno ukikata bati. Halafu ile sauti. Ilikuwa nzito na ya chini mno, ikivuta kila neno kana kwamba mdomo umejaa udongo. Upande wa pili kulikuwa na wimbo mmoja mtulivu, kinanda pekee, na katikati ya noti mtu alivuta pumzi. Pumzi hiyo ilikuwa ndefu kuliko pumzi ya mtu yeyote niliyemjua. Nilitoka nje kuangalia kama kuna mtu amesimama ukutani.

"Hiyo kitu yenu inaimba kama ng'ombe amekwama kwa matope," Lemayian alisema, lakini alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Tulikaa watatu sakafuni bila kuongea, tukisikiliza hadi redio ilipokufa yenyewe. Sijawahi kuupenda muziki wowote kama nilivyoupenda ule, na sijawahi kuogopa kitu nilichokipenda kiasi kile.

Mama aliusikia siku moja alipotoka sokoni mapema. Alisimama mlangoni na kikapu kichwani.

"Huyo ni nani anaongea?"

"Ni mwimbaji tu, mama."

"Wafula, mimi nimeimba tangu nikiwa msichana. Hakuna mtu yuko na sauti kama hiyo. Hiyo si ya mtu."

Hata Wafula hakujua. Watu wote walijua kwamba betri zikiisha kaseti hulegea. Lakini wimbo ambao hujawahi kuusikia ukiwa mzima, utajuaje kwamba unaumwa? Tuliamini ndivyo ulivyotengenezwa.

Mama aliichukua redio na kaseti, akavifungia chumbani kwake, hata baba akakosa taarifa yake ya habari. Wiki hiyo alizungumza na wenzake wa kanisani, wakakubaliana Wafula apelekwe kambi ya maombi, milimani, mbali kupita Mashuuru. Tulilijua jina la kambi hiyo kwa sababu ya kijana mmoja wa mtaani kwetu. Alipelekwa huko akiwa mcheshi, akarudi akitazama chini. Shuleni hakurudi kamwe. Alikaa nje ya duka la mamake, ukimsalimia anakuangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka lugha. Wafula alikuwa na mwaka mmoja tu wa shule uliobaki. Baba alisema kijana amalize masomo kwanza. Mama akamjibu, "Masomo ya nini, kama mwenye kusoma hayuko tena ndani yake?"

Jumamosi alasiri walikuja: wamama wanne na Mzee Barasa, mzee wa kanisa, ambaye angempeleka. Begi la Wafula lilikuwa tayari mlangoni. Yeye mwenyewe alikaa kwenye kigoda, magoti pamoja, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Chai ikanywewa. Mzee Barasa akasema, "Mama Wafula, kabla hatujaomba, tuwekee ile kwaya yetu, roho zitulie."

Kwaya ya kanisa letu ilikuwa imerekodi kaseti moja Nairobi, na wimbo wa kwanza ulianzishwa na mama, peke yake, kabla wengine hawajaingia. Mama akaenda kuleta redio. Aliitoa kaseti ya Wafula kwa ncha ya leso, kana kwamba inachoma, akaweka yake. Kwa haraka ile hakukumbuka kubadilisha betri.

Betri zilizopumzika hupata nguvu kidogo ya uongo. Ubeti wa kwanza ulitoka vizuri, sauti ya mama ikiwa nyembamba na safi, na wamama wakaanza kutikisa vichwa. Kwenye ubeti wa pili sauti ikaanza kushuka. Ilitoka kwa mwanamke ikafika kwa mwanamume, ikampita mwanamume, ikaendelea kushuka. Ilivuta kila neno. Mdomo ulijaa udongo. Kisha kwaya nzima ikaingia nyuma yake, watu wengi, wote kutoka mahali pale pale pa chini.

Hakuna aliyeinuka kuizima.

"Mama Wafula," mmoja wa wamama alisema taratibu, "si huyo ni wewe?"

Mama alikuwa ameshika koo lake kwa mkono. Redio ilizidi kupunguza mwendo hadi ikasimama katikati ya neno, na neno hilo likabaki hapo chumbani bila kumalizwa.

Baba, ambaye alikuwa amesimama mlangoni karibu na begi, alisema, "Ni betri. Hizo ni zile za watoto."

Mzee Barasa aliweka kikombe chini. "Kwa hivyo hata ile ingine..." alianza, asimalize.

Mama akamwambia Wafula bila kumtazama, "Toa nguo kwa begi."

Kesho yake baba alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alitupatia betri mpya. Tukaiweka kaseti. Ilikuwa na kasi, na mwimbaji alikuwa kijana mwenye hasira na mafua. Lemayian alisikiliza nyimbo mbili akasimama. "Sasa huyu ni mtu tu," akasema, akaenda kwa ng'ombe wake.

Nimejifundisha mengi tangu hapo, kwa kusoma mwenyewe: jinsi mota ya redio inavyotegemea umeme, jinsi sauti ya nyundo inavyonaswa na kurudiwa na mashine. Nina albamu hiyo sasa, ya halali, na ninaisikiliza kwa heshima. Imejengwa kwa uangalifu mkubwa, kila chuma mahali pake, na ile pumzi ya kwenye kinanda bado hunisimamisha. Nimejaribu kuipunguza mwendo kwa kompyuta ili niipate ile yetu. Kompyuta hupunguza kwa usawa. Betri zetu zilizama kulingana na jua la siku hiyo. Wafula, ambaye sasa analima vitunguu Kimana, husema nisijisumbue.

Mama alibaki kwenye kwaya, lakini hakuanzisha wimbo tena. Kaseti yao aliiweka kabatini na haikuchezwa. Mwaka huu niliihamishia kwenye simu, nikamwekea akiwa ameketi kwenye kochi na binti yangu. Watoto wa leo huruka wimbo kabla haujaingia ndani, lakini huyu alitulia. Sauti ya mama ilitoka safi, kwa mwendo wake, beti zote, hadi mwisho.

"Kukhu, imeisha," binti yangu akamwambia nyanya yake, akinyoosha mkono kuchukua simu.

"Ngoja," mama akamwambia. Akainama, akasogeza sikio karibu na simu iliyonyamaza, na akaendelea kusikiliza.