Gari ya Kufika Mlangoni kwa Mama

Dalali wa yadi ya gari alikuwa hajawahi kuona mtu anapima gari kwa kanga, na mimi nilikuwa sijawahi kuona mwanamme mtu mzima anakodoa macho namna ile.

"Dada, si vipimo vyote vimo kwenye karatasi?"

"Karatasi yako haijawahi kufika uchochoroni kwetu," nikamwambia. "Shika ncha hiyo, vuta."

Akashika, masikini. Mtu wa heshima zake, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, kofia ya kiua, marashi yanamtangulia hatua tatu, amechutama kwenye pua ya gari na ncha ya kanga mkononi. Mimi nimechutama upande wa pili. Mume wangu amejificha nyuma ya gari nyengine, anajitia hanijui.

Gari zenyewe zilikuwa mbili, za kampuni moja, nyeupe zote, nyeupe ile inayometa kama ndani ya kombe la pwani. Zilishatembea kwao Japani lakini ukiziona huwezi kusema. Moja kubwa, viti saba. Moja ndogo, viti vitano. Mume wangu tangu siku ya kwanza akaziita bi mkubwa na bi mdogo, na kila tukikaa kula anauliza, "Ee bibi, tumchukue bi mkubwa au bi mdogo?" huku anacheka peke yake. Nikamwambia alitamke neno hilo mara moja zaidi aone chakula cha mchana kitatoka wapi.

Lakini nisijitie. Na mimi akili ilikuwa imeniruka. Sisi ni watu wa tanuri la mikate pale Mlandege. Miaka ishirini nimepanda kigari cha mizigo, alfajiri Kiwengwa, asubuhi Nungwi, kutoka hoteli hii kwenda hoteli ile, nimebanwa na makreti. Hata nijifukize udi vipi, nanuka hamira. Leo nakaa kwenye kiti cha ngozi, nabonyeza kidude, kiti kinanipuliza ubaridi mgongoni! Nilipiga ukelele mpaka dalali akakimbilia mlango akidhani nimeumia. Nikabonyeza tena. Kisha nikamwita mume wangu naye abonyeze, tukakaa wawili tunapulizwa migongo, tunachekana kama watoto walioingia dukani na mwenye duka hayupo.

Sasa hiyo kanga. Hiyo kanga ilikuwa ni kwa ajili ya Mama.

Mama yangu anakaa ndani ndani huko Mji Mkongwe, katika nyumba aliyonizalia. Magoti yamemchoka. Mara ya mwisho alipotoka tulimpeleka hospitali kwa kumbeba juu ya kiti, wanaume wanne, mmoja kila mguu wa kiti, na uchochoro mzima umesimama unampa pole. Mama ni mtu wa kujiweka. Katika umri wake wote hajatoka mlangoni bila ya wanja. Alirudi, akakaa, akavua buibui lake akalikunja, akasema, "Mimi sibebwi tena. Siku gari itakapofika mlangoni kwangu, ndiyo siku ntakayotoka."

Alilisema kwa sababu alijua halitakuwa. Ukapita mwaka na zaidi. Mtu ambaye hakosi harusi, mtu ambaye akisikia ngoma anauliza ya nani kabla hajauliza iko wapi, akawa anakaa chumba cha chini na redio yake. Ukimwambia njoo ukae kwetu japo siku mbili, anasema si kitu. Ukimwambia dada yako wa Makunduchi anakuulizia, anasema si kitu, msalimie. Akijaribu kuinuka, sisi tunamrukia, huyu mkono wa kulia, yule wa kushoto, na yeye anajirejesha chini. Niliogopa. Nalisema wazi: niliogopa kwamba Mama ameshaanza kuaga, ila anatuonea haya kutuambia.

Basi mimi nikaishika ahadi yake vilevile alivyoisema. Kama ni gari mlangoni, gari ntaileta mlangoni. Nikachukua doti mpya ya kanga, bado haijakatwa, nikaenda uchochoroni asubuhi. Jirani akanishikia ncha. Tukapima ukuta kwa ukuta, penye upana na penye kubana, na pale palipobana kuliko pote nikachoma pini ya mtandio kwenye kanga kuweka alama. Nilipofika yadi nilikuwa na jibu la ulimwengu mzima kwenye pochi.

Ile kubwa ikapita pini kwa shibiri nzima. Ile ndogo, vioo vya pembeni vikikunjwa, ikabaki ndani ya alama na vidole vinne kila upande. Nikapiga vigelegele palepale yadini. Fundi mmoja akatoka chini ya gari kuangalia nani anaolewa.

Mume wangu ndiyo akajitokeza.

"Inapita, lakini mama ana magoti," akasema. "Atayaweka wapi? Ile kubwa ndiyo yenye nafasi ya kunyoosha miguu."

"Atainyoosha wapi miguu na gari haijafika kwake?"

"Itasimama nje, pale uwanjani."

"Hilo nshakwambia halitaki!"

"Bibi, unanunua gari ya miaka kwa sababu ya uchochoro mmoja."

"Naam," nikasema. "Ndiyo."

Akaiangalia ile kubwa kama anamuacha mtu gatini. Nilimuonea huruma kidogo. Si sana.

Tukapatana na dalali tuijaribu ile ndogo, na yeye akae nyuma. Tulimwambia tunataka kuipitisha mjini kidogo. Hatukumwambia wapi. Baada ya alasiri tukafika kwenye mdomo wa uchochoro, mume wangu akakunja vioo, dalali akauliza, "Mnageuzia hapa?" na mimi nikamwambia, "Wewe soma Bismillahi."

Alisoma yote aliyonayo. Gari iliingia taratibu, ukuta huku, ukuta kule, vidole vinne, wallahi vidole vinne kama nilivyosema! Gari inalia ti-ti-ti kututahadharisha, na mimi nacheka, nampiga mume wangu begani, "Si nlikwambia? Si nlikwambia?" Naye ameanza kuingia raha, anashika usukani kwa ncha za vidole. Mlango wa Mama nauona, milango mitano tu mbele yetu.

Kisha ile ti-ti-ti ikawa ni mlio mmoja usiokatika, na gari ikasimama.

Mbele yetu kulikuwa na baraza. Moja huku, moja kule, za mawe, zimekaa pale tangu kabla hajazaliwa bibi yangu, na watu wamekaa juu yake na vikombe vya kahawa wanatutazama.

Nieleze vipi? Juu ya baraza hizo mimi nimelishwa uji, nimesukwa nywele, nimechapwa, nimeangaliwa na mama mkwe kabla sijaposwa. Nilipopima ile kanga nilikuwa nimesimama juu ya baraza yenyewe, na jirani yangu amesimama juu ya ile ya pili! Tulipanda tuione vizuri, tukapima ukuta kwa ukuta, barabara kabisa, na si yeye si mimi aliyefikiria kwamba tunachokikanyaga ni jiwe. Kwetu baraza si kitu kinachoziba njia. Baraza ni pahala pa kukaa.

"Tushuke," akasema mume wangu.

Akafungua mlango. Ukafunguka kwa upana wa vidole vinne, ukagonga ukuta. Nikafungua wangu, hivyo hivyo. Tukatazamana. Nyuma yetu dalali akaita kwa sauti nyembamba, "Jamani, mlango wangu una nini?"

Hapo nilishikwa na kicheko ambacho nilipata kukiona mara moja tu maishani, siku ya nikaha yangu, na siku ile nilitolewa nje. Mbavu sina. Mume wangu ananiambia nyamaza, na machozi yanamtoka. Dalali akajaribu kutokea kwenye buti, akapanda mgongo wa kiti, kanzu ikanasa pahala, akabaki nusu huku nusu kule anamuita Mola wake. Nikaona mwanya mmoja tu umebaki. Nikabonyeza kidude cha juu, kidirisha cha paani kikafunguka, nikasimama juu ya kiti nikatoa kichwa na mabega. Mwanamke nakaribia hamsini, mtandio umenielemea sikio, nimechomoza juu ya gari katikati ya mtaa nilikozaliwa.

"Mama!" nikaita. "Mama, gari imefika!"

Uchochoro mzima ukaangua kicheko. Mlango wa Mama ukafunguka. Akatokeza na bakora yake, ameshika kizingiti, anajikinga jua kwa mkono. Aliangalia muda mrefu.

"Nani huyo yuko juu?"

"Mimi!"

"Unafanya nini huko?"

"Nimekuja kukuchukua!"

Akatazama gari, akatazama baraza, akanitazama mimi, na nikamuona anaelewa. Mabega yakaanza kutikisika. Mama alicheka mpaka akakaa juu ya baraza ya mlangoni kwake, anajipiga paja, anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Mwaka na zaidi nilikuwa sijaisikia sauti ile. Kisha akainuka, akavuta buibui lake nyuma ya mlango akalivaa, akasema, "Hebu nije nione upumbavu huu kwa karibu," na akashuka ngazi.

Nilitaka kukimbia nimshike, na nitakimbia vipi, nusu yangu imo ndani ya gari! Mume wangu amefungiwa. Dalali amenasa. Watu wa barazani wakaanza kuinuka wamsaidie, naye akawaonesha bakora. "Kaeni. Nani kawaita?"

Akaja. Mkono mmoja bakora, mmoja ukutani. Alipochoka akakaa kwenye baraza ya kwanza, watu wakasogea wampishe. "Shikamoo, mama." "Marahaba, wanangu. Kahawa hiyo ya nani?" Akanywa kikombe. Akainuka peke yake. Baraza ya pili akauliza habari za mtoto aliyefanya mtihani. Baraza ya tatu alikaa zaidi, na mimi juu ya paa nahesabu pumzi zake, nimeuma kidole. Kwa mara ya kwanza tangu magoti yamshike, hakuna aliyemrukia, na yeye alikuwa anakwenda.

Akafika kwenye bampa letu, akakaa juu ya baraza ileile iliyotukwamisha. Mume wangu, ambaye mbele ya Mama huwa hata kukohoa anaona haya, amekamata usukani kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama," akasema kupitia kioo.

"Marahaba, mkwe wangu. Umefika?"

"Nimefika, mama. Ila sijafika."

Akacheka tena. Kisha akagonga gari kwa bakora, taratibu. "Haya, rudini nyuma mkanifungulie mlango huko nje. Mimi siingii garini kwa kupitia paani."

Tukarudi rivasi. Mtaa mzima unatuongoza, huyu kata kulia, yule kata kushoto, mwengine nyoosha, na gari inalia ti-ti-ti juu yao wote. Sisi tunarudi, na Mama anakuja. Kila tukipata hatua, na yeye anapata yake, katika kioo cha mbele namuona mzima mzima, buibui, bakora, wanja. Nililia. Sikujificha, nililia na kucheka pamoja na mume wangu akafanya vivyo hivyo.

Uwanjani milango ikafunguka. Dalali akashuka, akajipangusa, akauliza kama yadi tunairudia sasa kwa sababu magharibi wanafunga. Mama akaingia kiti cha mbele. Akajisogeza huku, akajisogeza kule, magoti yamegonga mbele.

"Hii imebana," akasema. "Hamkuona nyengine?"

Mume wangu alinitazama. Hakuniambia si nlikwambia, na sijui alipata wapi nguvu hizo. Nikamwambia haya, tutachukua ile kubwa, na alipiga ngumi hewani mbele ya mkwewe bila ya haya yoyote.

Nikainama dirishani kwa Mama. Nilikuwa nshapanga kichwani, kwa dada yake Makunduchi, au kwetu akale, au arudi apumzike kwanza, maana amechoka, uso unaonesha.

"Nkupeleke wapi, Mama?"

Alikuwa ameegemea kiti, anaangalia watu wanavyopita uwanjani, mmoja mmoja, haachi hata mmoja.

"Popote," akasema. "Ila mwanangu, usinirejeshe mapema."