Mtalii Mwenye Diploma

Nina diploma ya ufundi wa friji na viyoyozi, na niliipata kwa jasho. Kwa miaka mitatu nilibeba mawe kwenye majengo asubuhi, kisha nikaingia darasani alasiri na vumbi bado limo masikioni. Leo nina karakana yangu Riruta Satellite, yenye mlango wa chuma na kibao nilichokichora kwa mkono wangu, na kutoka hapo hadi Kongo, ile ya Kawangware, ni vigumu kupata bucha yenye friji ambayo sijawahi kuifungua. Sikurithi hata bisibisi. Tena nimefanya kazi majuu, ng'ambo. Watu wetu wa Kibera wanayajua haya yote kwa sababu nimewaambia, na pale nilipohisi hawakusikia vizuri nimerudia.

Kwa hiyo mwaka jana waliponialika kijiji cha Raila, pale Kibera, Jumapili moja, kwenye maombi ya kumuaga binamu yangu, sikushangaa kukuta wameniweka kwenye ratiba. Binamu huyo ni binti wa senje, ndivyo sisi watu wa Magharibi ya Kenya tunavyomwita dada ya baba. Ni msusi. Ana watoto wawili ambao baba yao hazungumziwi. Alikuwa amepata ajenti wa kumpeleka nchi moja ya Ghuba afanye kazi kwenye saluni, na ndege ilikuwa ya Jumatano. Kwetu mtu haondoki hivi hivi. Lazima watu wa nyumbani wakutane, waombe, wale, na aliyewahi kwenda amwambie anayekwenda namna ya kuishi huko. Aliyewahi kwenda ni mimi. Kwenye ratiba, baada ya maombi na kabla ya chai, waliandika: Mawaidha ya mtaalamu.

Nilivaa suti.

Senje aliniomba nifike kabla ya wageni ili nikague sanduku. Lilikuwa juu ya kitanda, na binamu alilifungua kwa raha ya mtu aliyepanga vizuri. Nguo zilikuwa chache, zimesukumwa pembeni. Katikati kulikuwa na pakiti kumi na mbili za nywele za kusukia, vitana vya kila aina, mashine ya kukausha nywele, pasi ya nywele, sindano za kushonea, na juu ya vyote aproni nyeusi yenye jina la saluni ya pale kijijini. Mfukoni mwa sanduku mlikuwa na picha za kazi zake, vichwa kama ishirini, vyote vimepigwa kwa nyuma.

Nikamwomba anionyeshe viza. Ilikuwa kwenye simu. Niliisoma, nikaisoma tena. Viza ya matembezi, siku thelathini.

"Hii ni ya mtalii," nikamwambia.

"Eeh. Ajenti anasema nikifika wataibadilisha."

"Na mkataba?"

"Nitasaini huko huko."

"Sasa mtalii anampelekea nani pakiti kumi na mbili za nywele?"

Akacheka, akanigonga begani. "Brathe, kwani umesahau? Si wewe ulienda hivyo hivyo? Si ulituambia uliingia na ya matembezi, wakakubadilishia, ukamaliza mkataba ukarudi? Mimi nafuata njia yako tu."

Senje alikuwa mlangoni anachambua mchele. Hakuinua macho.

Kila neno alilolisema nilikuwa nimelisema mimi, ndani ya chumba hicho hicho, na kikombe mkononi. Nusu yake ilikuwa kweli. Nilikwenda kwa viza ya matembezi, nikafanya kazi, nikarudi. Habari za kubadilishiwa viza na kumaliza mkataba nilizitunga nikiwa ndani ya ndege, na nilizitunga vizuri.

Ukweli ni huu. Nilifanya kazi kwenye karakana ya viyoyozi, na joto la kule si mchezo, kwa hiyo kazi haikukatika. Tulikuwa mafundi watano kutoka nchi nne. Mwenye karakana aliweka pasipoti zetu kwenye droo yake, akasema mambo ya kibali cha kazi yanashughulikiwa. Yalishughulikiwa miezi saba. Siku feni ya mashine iliponikata kiganja nilikifunga kwa utepe wa umeme, maana hospitali wangeuliza nimeumia wapi. Mshahara ulipochelewa nikauulizia, na yeye akaniuliza kwa upole kama ningependa anisindikize polisi nikalalamike. Miezi miwili ya mwisho sijalipwa hadi leo. Mtu ambaye kwa sheria hakuwa kazini hana mshahara wa kudai.

Alitufundisha somo moja tu, na sijisifu nikisema nililijua kuliko wenzangu. Wakaguzi wakija, weka spana chini, shika kikombe cha chai, kaa. Wewe ni mgeni, umekuja kumsalimia rafiki. Vikombe vitano vilikaa tayari rafuni kutwa nzima. Mimi nilikuwa na mkao wa kupendeza, mguu juu ya mguu, mgongo umelegea, hata mwenye karakana akawa ananitumia kama mfano.

Lakini kulikuwa na mteja mwenye dharau. Kila akileta mashine aliuliza kama huyu Mwafrika anajua anachokifanya. Mimi siwezi kuishi na swali la namna hiyo. Diploma yangu nilikuwa nimesafiri nayo chini ya nguo. Nikainunulia fremu ya rangi ya dhahabu, nikapiga msumari, nikaitundika juu ya kaunta. Mteja aliisoma yote, na swali lake halikurudi tena. Nilifurahi mwezi mzima.

Wakaguzi walikuja saa nne asubuhi, watu wastaarabu, viatu vinang'aa. Kwa sekunde tatu tukawa wageni sote watano. Afisa aliyenijia aliniuliza kwa Kiingereza nafanya nini pale. Nikamwambia mimi ni mtalii, nimepita kumwona rafiki. Akaitikia kwa kichwa. Akaitisha pasipoti kutoka kwenye droo, akaifungua, akalisoma jina langu. Kisha akainua macho ukutani, akalisoma jina lile lile kwa herufi za mapambo, chini yake ufundi wangu, na chini yake daraja nililopata.

"Hongera," akaniambia, na nadhani alimaanisha.

Mwenye karakana alipoulizwa aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka sura, akasema hanijui. Walituchukua sote, ila wenzangu walikuwa na la kubishania. Mimi ushahidi wangu ulikuwa na fremu. Nilikaa ndani siku tisa, kwenye chumba ambacho tulilala kwa zamu. Nikaweka vidole vyote kumi juu ya kioo cha mashine ya kuchukua alama, nikapigwa picha ya mbele na ya ubavu, nikasomewa kosa langu kupitia mkalimani: kufanya kazi bila kibali. Faini ikala akiba yangu. Kisha nikarudishwa kwetu na kupigwa marufuku kukanyaga tena nchi ile, na vile vidole kumi vimebaki kwao.

Nilitua Nairobi nikiwa na suruali ya kazi, malapa na diploma isiyo na fremu. Mtu wa majuu haingii Raila na malapa. Nilijificha siku mbili kwa rafiki yangu kule Kongo, nikanunua sanduku la mtumba na kulijaza magazeti, nikachukua manukato na chokoleti kwenye supamaketi ya Kawangware, halafu ndipo nikarudi kutoka ng'ambo, ndani ya teksi. Nilipigiwa vigelegele. Nilistahili angalau nusu yake.

Sasa binamu alikuwa mbele yangu na viza kama yangu. Nitasema kweli, wazo langu la kwanza halikuwa kuungama. Wazo langu la kwanza lilikuwa kumfundisha. Nikaanza kutoa zile pakiti kwenye sanduku, nikamwambia aache vifaa vyote vya kazi na picha pia, na akiulizwa uwanja wa ndege aseme anamtembelea rafiki. Nikamwonyesha namna ya kukaa. Akakaa ukingoni mwa kitanda, mguu juu ya mguu, mikono imelala mapajani, akanitazama kuona kama amepatia. Alikuwa amepatia. Alikaa vizuri kuliko mimi. Nikaiangalia mikono ile, inayosuka kichwa kizima huku yeye akimwonya mtoto na kupokea simu, nikaiona juu ya kile kioo cha mashine. Nikaacha kumfundisha, na wageni wakaanza kuingia.

Walijaa hadi nje. Waliimba, wakaomba. Mwenyekiti wetu wa watu wa nyumbani, fundi viatu mwenye sauti ya kuhubiri, alinikaribisha kwa maneno mengi mazuri, ambayo mengi nilikuwa nimempa mwenyewe kwa nyakati mbalimbali. Nikasimama, nikafunga kifungo cha suti.

Nilianza na diploma, kama kawaida yangu. Nikapita kwenye yale majengo nilikobeba mawe. Wakapiga makofi. Kisha nikamwangalia binamu, aliyekuwa ameshika daftari na kalamu ili aandike nitakayosema, na nikaona afadhali nimalize haraka. Nikawaambia sikumaliza mkataba wowote, kwa sababu sikuwahi kuwa nao. Nikawaeleza vikombe vya chai, fremu, vidole na siku tisa. Nikawaambia viza ya matembezi ni ya kutembea, na ukishika kazi nayo unakuwa mkosaji siku hiyo hiyo ya kwanza: ukiumia huna hospitali, ukinyimwa mshahara huna pa kulalamika, na ukikamatwa anayeumia ni wewe, si aliyekuita. Anayetaka kwenda apate kwanza mkataba wenye jina la mwajiri, ajenti wake awe kwenye orodha ya serikali, na viza ya kazi itoke kabla hajapanda ndege.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti akakohoa.

"Kwa hivyo ulifukuzwa."

"Nilirudishwa."

"Tofauti ni gani?"

"Nilisindikizwa na askari wawili mpaka kwenye kiti cha ndege," nikamwambia. "Hapa ndani nani mwingine amewahi kusindikizwa hivyo?"

Hapo watu wakacheka, na nikadhani nimepona. Lakini binamu hakuwa amecheka, na senje alikuwa ameweka sinia chini.

"Mimi nilijua," senje akasema. "Zile chokoleti za majuu zilikuwa na stika ya bei ya supamaketi ya Kawangware. Nilikesha nikizibandua, watu wasije wakakucheka."

Binamu akamgeukia mama yake, kisha mimi, kisha mama yake tena.

"Mama, ulijua?"

"Nilidhani ni aibu yake tu. Sikujua ni njia utafuata."

"Nyinyi wawili," binamu akasema polepole, "mlikuwa mnaniacha nipande ndege ili huyu asione haya."

Akafunga daftari, akachukua simu, akampigia ajenti na kuweka sauti juu ili tusikie sote. Alimwuliza bila salamu jina la mwajiri wake ni nani. Ajenti akasema ataambiwa akifika. Akamwomba mkataba atumiwe leo. Ajenti akacheka kidogo, akasema mambo ya karatasi yanachanganya wasafiri, yeye aje tu.

"Na uwanjani wakiniuliza nimeenda kufanya nini?"

"Madam, hapo usitaje kazi. Sema unatembelea rafiki."

Nilisikia watu wakivuta pumzi. Mwenyekiti alinitazama juu ya miwani yake.

"Na nikishikwa nikiwa kazini?"

"Hauwezi kushikwa," ajenti akasema. "Wanaoshikwa huwa ni wale wajinga."

Vichwa vyote vikanigeukia kwa pamoja, kama waliokuwa wamefanya mazoezi. Nilitaka kumwambia ajenti kwamba mimi nilishikwa kwa sababu ya elimu, lakini sikuona kama ni wakati wake.

Binamu akamwambia Jumatano hatakuwepo, wala Jumatano nyingine yoyote bila mkataba na viza ya kazi. Ajenti akaanza kupandisha sauti. Binamu akamkatia, akaizima simu kabisa. Akakaa chini karibu na mama yake bila kumtazama. Senje akasogeza kiti chake mpaka mabega yao yakagusana. Binamu hakusogea mbali.

Ikabaki shida ya ratiba. Chakula kilikuwa tayari na watu walikuwa wametoka mbali, lakini maombi ya kufunga yalikuwa ni ya safari, na safari haikuwepo tena. Mwenyekiti akaikunja ile karatasi, akamwuliza binamu, kwa heshima, sasa wamwombee nini.

Akafikiri.

"Ombeni nipate kazi yenye karatasi zake," akasema. "Na huyu brathe apate aibu kidogo."

Tukainamisha vichwa. Wakaomba yote mawili, na nilivyosikia mimi, la pili lilichukua muda mrefu zaidi. Wazee watatu waliongeza yao, mmoja kwa Kiluhya ili Mungu asikose kitu. Nilisimama katikati yao na suti yangu, macho nimefumba, na ilipofika mwisho niliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.