Upepo Nilioutoa Nyaishozi

Mdogo wangu Faustini alikuwa anaposa Isingiro, upande wa Kyerwa, na siku ya kumpelekea baba wa binti rubisi ilikuwa imepangwa. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilipaswa kufika siku hiyohiyo, kwenye vibuyu vizima. Kufika mikono mitupu kungekuwa dharau, na posa ingeweza kukataliwa. Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya mpakani, magari yalikuwa adimu, na mimi nilikuwa dereva wa trekta. Kazi ikaniangukia.

Nyaishozi, alfajiri. Tulipanga vibuyu kumi na viwili kwenye tela, juu ya majani ya migomba. Shangazi Paulina, dada wa marehemu baba, akapanda kuvilinda huku amepakata kile kikubwa cha mkwe. Tairi za tela zilikuwa ngumu kama jiwe. Nilijua trekta shambani hutembea na upepo mdogo na kukanyaga kwa ulaini, nikataka tela nalo liwe hivyo, vibuyu visigongane. Nikatoa upepo mpaka tairi zikabonyea. Sikujali kwamba zilikuwa tairi za lori, zilizotengenezwa kubeba mzigo zikiwa zimejaa.

"Baba, mbona zimelala?" akauliza Shangazi.

"Shangazi, nimesoma mpaka kidato cha nne."

"Huko walifundisha tairi?"

Faustini, aliyekaa kando yangu kwenye trekta, alicheka. Mimi sikucheka.

Omurushaka, saa nne. Tairi zilikuwa za moto, kiganja hakikai. Nikapima kwa geji, nikakuta upepo umepanda kuliko niliouacha Nyaishozi. Hapo nilifanya kosa la pili, na ndilo kubwa. Joto ndilo lililoupandisha, na joto lenyewe lilitokana na tairi kujikunja kwa kukosa upepo. Mimi nikadhani bado ni ngumu. Nikatoa tena.

Baada ya Nkwenda, Shangazi alipaza sauti kuushinda mngurumo: "Kunanuka mpira!"

"Ni jua, Shangazi!"

Karibu na Isingiro, mchana, kwenye mteremko, tairi la kushoto lilipasuka. Tela likainama, vibuyu vikamwagika barabarani na kuvunjika. Shangazi alianguka navyo. Alijikinga kwa mkono mmoja tu, kwa kuwa ule wa pili ulikuwa umekumbatia kibuyu cha mkwe.

Mzee Gaspari, baba wa binti, alikuja na majirani. Wazazi wake walitoka Burundi, naye aliendesha malori miaka mingi kabla ya kurudi kwenye kahawa yake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Hakuitazama pombe iliyomwagika. Aligusa tairi lililobaki. "Nani alitoa upepo?"

"Ni mimi."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Ya pili ulipima likiwa la moto." Akamgeukia Shangazi. "Mama, nipe hicho kibuyu."

"Nitakupa ukisema binti ni wetu."

"Ni wenu. Ila huyu asimwendeshe bibi arusi."

Watu waliangua kicheko. Shangazi naye alicheka, mkono umeshaanza kuvimba.

Kesho yake, kabla ya jua kuchomoza, Mzee Gaspari alinipa tairi la kuazima na pampu ya mkono. Nilipampu naye akinielekeza: upepo hupimwa tairi likiwa la baridi; tela likijaa mzigo, fuata maandishi ya ubavuni mwa tairi, kushoto na kulia sawasawa; tela likiwa tupu, unaweza kupunguza kiasi; tairi likishapata moto, usiguse. "Ukitaka vibuyu visitikisike," akasema, "punguza mwendo, siyo upepo."

Tulirudi polepole, Shangazi mkono umefungwa kwa vijiti. Mfupa uliunga vibaya, kiganja kikabaki kimepinda.

Niliendesha matela miaka mingi baada ya hapo na sikupasua tairi jingine. Kila alipotaka kupanda, Shangazi aliuliza: "Kidato cha nne, umepima?"

"Nimepima, Shangazi."

Ndipo aliponipa mkono ule uliopinda nimvute juu. Nilimvuta kila mara, na kila mara neno la kuomba msamaha lilinifika mdomoni nikalimeza. Nilikuja kulisema siku ya kumzika.