Makombe Masafi ya Mama Sindano

Kazini walimwita Mama Sindano, na hakuna aliyekumbuka kama alikuwa na jina jingine. Chumba chake kilikuwa nyuma kabisa ya makumbusho, chenye meza, taa ya shingo ndefu, beseni la maji, miswaki iliyochakaa na sindano za kila unene alizozipachika kwenye vipini vya mbao. Aliletewa makombe ya wanyama wa baharini yaliyogeuka mawe, yamegandwa na tope la zamani za kale, naye akayatoa yakiwa yanang'aa kama sahani za wageni.

Mumewe, fundi wa kuchomea mageti, alikuwa na utani usiochakaa. Akiulizwa mkeo anafanya kazi gani, hujibu, "Anaosha vyombo vya marehemu ambao hata Adamu hakuwakuta."

Utani huo ulimwudhi, maana kazi aliipenda. Makombe yote yalitoka kwenye jabali moja, mahali palipokuwa bahari kabla bahari haijajiondokea. Mzee, mkuu wa idara wa wakati huo, alimweleza siku ya kwanza. Chini ya jabali makombe ni membamba na laini. Ukipanda juu yananenepa, yanaota mbavu, kisha miiba. Ni ukoo mmoja huo, wajukuu wa wajukuu, mnyama asiye na mfupa hata mmoja aliyejijengea ukuta, na kila kizazi kikaongeza chake kidogo. Mama Sindano, aliyeacha shule mapema, alikaa na habari hiyo kama mtu aliyeambiwa siri ya familia.

Sasa, juu ya makombe kulikuwa na ukoko. Vijibomba vilivyojikunja, vitundu vilivyopangana safu kwa safu, vipele vyenye midomo. Mwanzoni aliviacha. Mzee akalirudisha kombe na kulibwaga mezani.

"Hili bado chafu."

"Mzee, mimi naona kama hivi navyo vilikuwa hai."

"Wewe umeajiriwa kusafisha au kuona?"

Akasafisha. Ningependa kusema alisafisha kwa uchungu, lakini ningekuwa namwongopea msomaji. Alisafisha kwa raha. Mzee alianza kumsifu mbele ya wageni, akawaonyesha makombe na kusema hakuna mkono kama ule, naye akakipokea kilemba cha ukoka na kukivaa mpaka nyumbani. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu kila alivyosifiwa ndivyo alivyozidi kukwangua. Aliujua mlio wa ukoko unapoachia, mdogo kama wa ganda la yai, na aliungoja kila mara. Hivyo ndivyo umri wake ulivyokwenda. Watoto wakakua na kuhama, mgongo ukapinda, na jabali lenyewe likaliwa na kiwanda cha saruji mpaka likabaki shimo la maji ya mvua.

Mzee akastaafu kwa heshima zote. Mahali pake akaja Daktari, binti mpole wa umri wa kitinda mimba wa Mama Sindano. Yeye alikuwa na swali moja tu: kwa nini makombe yaliota miiba? Alidhani jibu liko kwa wapangaji. Ndivyo alivyowaita wale minyoo wajenzi wa vijibomba na jamaa zao, waliojibandika juu ya kombe lililo hai, wakamwelemea mwenye nyumba na kumpokonya tonge mdomoni. Kama wapangaji waliongezeka kwanza, ndipo miiba ikafuata, basi miiba ilikuwa ya kuwafukuza. Kama miiba ilitangulia, sababu itafutwe kwingine. Kilichotakiwa ni kuwatazama wapangaji tabaka kwa tabaka, kutoka chini ya jabali hadi juu.

Akafungua droo moja, akafungua nyingine, akazifungua zote. Kisha akaja chumba cha nyuma na kombe mkononi.

"Mama, hapa pana alama za duara. Palikuwa na nini?"

"Uchafu, mwanangu. Niliutoa."

Daktari alivuta kiti akakaa. Akamweleza pole pole, bila kumkaripia, na Mama Sindano akasikiliza mpaka akaelewa. Alipoelewa alitamani asingeelezwa vizuri hivyo.

Mzee aliitwa aje aeleze. Alikuja amependeza, akapewa kiti cha mbele, na alipoulizwa mbele ya idara nzima akakohoa kidogo.

"Mnajua, wasafishaji wa wakati ule hawakuwa na mafunzo. Ukigeuza mgongo tu, wanakwangua."

Jumba bovu likamwangukia Mama Sindano pale pale aliposimama, ukutani. Mumewe aliposimuliwa jioni, alisukuma sahani.

"Si ungemwambia hapo hapo kuwa ni yeye?"

"Halafu makombe yangerudi?"

"Yasirudi. Roho yako ingetulia."

"Baba watoto, aliyeniamuru ni yeye. Lakini aliyefurahia ni mimi."

Wakati wa kupanga ghala upya, likapatikana sanduku la mwisho kutoka jabali lile, halijafunguliwa. Lilikuwa la matabaka ya katikati, pale pale miiba ilipoanza kuchomoza. Duniani hapakubaki jingine. Wenzake Daktari walitaka lipelekwe kwa wasafishaji wa mbali. Daktari akagoma.

"Hakuna mwenye mkono kama wa Mama," akasema. "Utoe mchanga tu, Mama. Wapangaji uwaache."

Mama Sindano alikwenda kulia chooni, kwa furaha. Makosa ya umri mzima yamepewa sanduku moja la kuyafidia, ni wangapi hupata bahati hiyo? Akazifungia sindano nene kabatini, akachukua brashi laini. Kombe la kwanza lilikwenda salama, vijibomba vikatokeza vizima, na kimoja aliona hata mdomo wake. La pili vilevile. La tatu lilikuwa na tope gumu, brashi haikufua dafu, akachukua sindano nyembamba. Mawazo yakamponyoka kidogo tu, yakaenda kwa Mzee na kikohozi chake.

Akasikia mlio.

Alipotazama, kijibomba kilikuwa unga. Pembeni yake palikuwa pameshasafika, panang'aa, wala hakukumbuka kupagusa. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba ule mlio uliufurahisha mwili wake kabla akili haijashtuka. Akajikemea, akashika kombe jingine, akalikodolea macho bila kupepesa. Mkono ukafanya yale yale.

Akayachukua makombe mawili mpaka ofisini kwa Daktari, na sanduku pia akalibeba.

"Nimeharibu tena. Sikukusudia, mkono unakwenda wenyewe."

Daktari aliyainamia na kioo cha kukuzia.

"Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi," akasema Mama Sindano, akijaribu kucheka. "Bora mniondoe kwenye kazi hii. Nipelekeni mlangoni nikawakatie wageni tiketi."

Alisema hivyo kama watu wasemavyo, kwa kungoja kubishiwa. Alikuwa tayari kukataa kidogo, kisha akubali. Alingoja aambiwe hapana Mama, jaribu tena, taratibu.

"Sawa, Mama," Daktari akajibu upesi, na kabla hajamaliza kusema alikuwa ameshalivuta sanduku upande wake wa meza na kulifunika kwa mikono yote miwili.